Mzazi Aliyeachwa Njiani: Jazanda za Imani katika Usawiri wa Mzazi Mkristo

Utangulizi

Mwaka 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye siku hizo alikuwa bado akijulikana kwa jina la James Ngugi, alialikwa kuhutubia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Mashariki. Alianza kwa kukiri mbele ya wazee wa kanisa kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala hata si Mkristo. Alipokwisha kusema, mzee mmoja alisimama kwa hasira akamkemea. Mzee huyo alishikilia kwamba msemaji ni Mkristo apende asipende, kwani jina lake si James? Kisa hiki husimuliwa mara kwa mara katika mijadala ya fasihi yetu, na aghalabu husimuliwa kwa kicheko. Mwandishi baadaye alilitupa jina hilo la kigeni, na kwa hivyo mzee akaonekana kuwa amejengea hoja yake juu ya mchanga.

Mimi pia nilikuwa nikikisimulia kisa hiki darasani kwa namna hiyohiyo. Mwaka mmoja mwanafunzi wa makamo, mwalimu wa shule ambaye alikuwa amerudi chuoni kujiendeleza, aliinua mkono akauliza: 'Mzee yule alikuwa na watoto wangapi?' Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Nimelifikiria swali lake tangu siku hiyo, na makala haya ni jaribio la kulijibu. Mzee yule hakuwa akishindana na msomi juu ya elimu ya dini. Alikuwa akimwita kijana kwa jina la ubatizo, kama vile mzazi aitavyo mtoto aliyekwisha kuvuka kizingiti. Hasira yake huenda ilikuwa sura ya nje ya uchungu.

Nia yetu ni kuchunguza jinsi maandishi kadhaa yanavyomsawiri mzazi Mkristo ambaye mtoto wake ameiacha imani, au ambaye yeye mzazi anaamini kuwa ameiacha. Tutatazama riwaya mbili za Kiafrika zinazosomwa sana na wasomaji wa Kiswahili: The River Between ya Ngũgĩ, iliyotoka mwaka 1965 na kutafsiriwa kwa jina la Njia Panda, na No Longer at Ease ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1960 na kutafsiriwa kwa jina la Hamkani si Shwari Tena. Tutazilinganisha na kitabu kimoja cha Uingereza, Father and Son cha Edmund Gosse, kilichochapishwa mwaka 1907. Kitabu hiki cha tatu si riwaya bali ni kumbukumbu za maisha. Tumekiingiza kwa sababu kinatoa ushahidi ambao riwaya haziwezi kuutoa, kama itakavyoonekana.

Dai letu ni hili: namna mzazi anavyokabiliana na kuondoka kwa mtoto haitokani na ukali au upole wa tabia yake peke yake. Inatokana kwanza na jazanda aliyoitumia yeye mwenyewe kuielewa imani yake. Mhakiki asiyeitambua jazanda hiyo atamhukumu mzazi kabla ya kumsoma.

Maneno ya kanisani

Tuanze na lugha yenyewe. Katika makanisa yetu, hasa tangu uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937, kuna msamiati maalumu wa kumtaja mtu aliyeiacha imani. Husemwa kwamba 'amerudi nyuma'. Husemwa pia kwamba 'amepoa'. Husemwa kwamba 'amepotea'. Wazee wengine husema kwa ukali zaidi kwamba 'ameasi', neno ambalo Kiswahili hulitumia pia kwa mtoto asiyemtii mzazi, kiasi kwamba kumwacha Mungu na kumvunjia baba heshima huwa kosa lenye jina moja.

Maneno haya si visawe. Anayerudi nyuma alikuwa safarini. Aliyepoa alikuwa amewaka moto. Aliyepotea ana nyumba au zizi ambalo hayumo. Kila neno limebeba picha nzima ya imani, na kila picha inampa mzazi kazi tofauti ya kufanya. Ikiwa imani ni safari, msafiri haruhusiwi kusimama kumngoja aliyegeuka. Ikiwa ni moto, mzazi hujiuliza kama yeye mwenyewe aliwaka vya kutosha. Ikiwa ni nyumba, kazi yake ni kuacha mlango wazi.

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii inazungumzia uchungu wa kuzaa, lakini inatufaa hapa pia, kwani lugha yetu imekuwa tajiri wa maneno ya kumtaja mtoto anayeondoka na maskini wa maneno ya kumtaja mzazi anayebaki. Tuna murtadi, mwasi na mpotevu. Aliyeachwa hana jina.

Safari: Yoshua wa Makuyu

Yoshua, mhubiri wa Makuyu katika Njia Panda, ndiye mzazi Mkristo anayehukumiwa kuliko wote katika fasihi ya nchi hii. Insha za wanafunzi humwita kibaraka, mnafiki, mtumwa wa wageni. Binti yake Muthoni anataka kutahiriwa ili awe mwanamke kamili katika kabila lake. Anatoroka kwenda kwa shangazi yake Kameno, ng'ambo ya mto Honia, anatahiriwa, kidonda kinaharibika, na anafariki katika hospitali ya misheni ya Siriana. Baba yake haonyeshi dalili yoyote ya huzuni. Kwake yeye, Muthoni alikuwa ameacha kuwako tangu siku aliyotoka nyumbani.

Ni rahisi kukomea hapo. Lakini tuangalie picha inayomtawala Yoshua. Yeye huiona imani kama mwendo wa wana wa Israeli: nyuma iko Misri, mbele iko Yerusalemu mpya. Muthoni anapoondoka, baba humwona kama mtu aliyechagua kurudi Misri, na yeye hujiambia kwamba ataendelea na safari. Hata jina lake ni la aliyewavusha watu Yordani. Ndani ya jazanda hiyo hakuna mahali pa kumngoja mtu. Jangwani hakuna nyumba ya kurudi. Hakuna mlango, hakuna meko. Mwenye kusimama hufa pale aliposimama.

Zaidi ya hayo, Yoshua hajiamini kuwa amekwisha kuvuka. Yeye mwenyewe alitahiriwa, na mkewe Miriamu alikuwa ametahiriwa kabla hawajaongoka. Jambo hilo humsumbua katika sala zake. Muthoni anapotaka kutahiriwa hafanyi jambo geni. Anataka kuwa kama mama yake. Kwa Yoshua, binti huyu ni Misri yake mwenyewe iliyomfuata hadi jangwani. Anapomkata, anajaribu kukata sehemu ya nafsi yake. Huo si unafiki. Mnafiki hasumbuliwi na lake la jana.

Hapa tuongeze neno la historia. Mgogoro wa tohara ya wasichana uliolipuka mwaka 1929 katika misheni za Kikuyuni ulilazimisha waumini kuchagua upande, na wengi wakajitenga na kuanzisha shule na makanisa yao huru. Nyumba ziligawanyika. Ngũgĩ ameuchukua mgawanyiko huo akauweka ndani ya nyumba moja, na hiyo ni kazi ya fundi. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kwamba tunaelezwa kwa urefu anachoamini Yoshua, lakini hatupewi nafasi ya kusikia anachohisi usiku wa kifo cha binti yake. Msimulizi, anayeweza kuingia moyoni mwa Waiyaki wakati wowote, anasimama mlangoni mwa Yoshua asibishe hodi.

Tusisahau pia kwamba Muthoni hajioni kuwa ameacha imani. Kabla ya kufa anamtuma Waiyaki kwa dada yake Nyambura na ujumbe kwamba anamwona Yesu na pia amekuwa mwanamke. Kwake yeye, mto unavukika kwa pande zote mbili. Msiba wa nyumba hii, basi, si kwamba mtoto ameiacha imani na mzazi amebaki nayo. Wote wawili wanayo, lakini kila mmoja ana picha yake, na picha ya baba haina daraja la kurudia.

Moto: Isaac Okonkwo

Achebe ndiye aliyeliona jambo hili kwa kina kuliko wengine, na sababu yake iko wazi. Yeye aliwaandika baba wawili wa ukoo mmoja. Katika Things Fall Apart ya mwaka 1958, inayojulikana kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, kijana Nwoye anaiacha dini ya mababu na kujiunga na wamisheni. Baba yake Okonkwo anampiga, kisha usiku anakaa akitazama moto wa kuni na kuwaza jinsi moto unavyozaa majivu. Hofu yake ni kwamba wanawe wote wakifuata njia hiyo hakutakuwa na wa kumtambikia atakapokuwa miongoni mwa wafu.

Mzazi huyu si Mkristo, lakini hofu yake ni ileile ya mama wa leo anayelala akijiuliza kama atakutana na mwanawe mbinguni. Wote wawili wanaogopa kwamba kifo kitawatenga milele na waliowazaa. Dini zimebadilika lakini kilio ni kimoja.

Nwoye akawa Isaac, mwalimu wa dini, na katika Hamkani si Shwari Tena tunamkuta mzee, amestaafu. Mwanawe Obi amerudi kutoka Uingereza. Usiku wa kwanza baba anauliza kama mwanawe alipata wasaa wa kusoma Biblia huko ng'ambo. Obi anajibu kwamba alisoma mara mojamoja, ila ilikuwa Biblia ya Kiingereza. Kisha anajiuliza moyoni ingekuwaje kama angemwambia baba yake kwamba hamwamini tena Mungu wake. Anajua hawezi. Wakati wa sala ya jamaa, zamu yake ya kusoma inapofika, anasoma.

Sehemu hii ni fupi, na wahakiki wengi huipita ili wafikie habari za rushwa. Mimi siwezi kuipita. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada yangu ya pili, simu ya baba yangu kila Jumapili iliishia na swali moja: 'Umepata kanisa?' Nami nilijibu, 'Nimepata, baba.' Lilikuwako kanisa karibu na nilipopanga. Nililipita kila siku nikienda maktaba. Nilidhani ninamdanganya. Miaka kadhaa baadaye mama aliniambia kwamba baba alijua tangu mwezi wa kwanza, na kwamba aliendelea kuuliza ili nipate kuendelea kujibu. Niliporudia riwaya ya Achebe baada ya hapo, niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona: hatuambiwi popote kwamba Isaac aliamini jibu la mwanawe.

Kilele kinakuja baadaye, baba na mwana wanapozungumza usiku juu ya Clara, ambaye Obi anataka kumwoa na ambaye ni osu, mtu wa ukoo uliotengwa. Hapa Achebe anafanya kinaya kikubwa. Mwana asiyeamini ndiye anayeleta hoja ya Injili: wazee wetu walimtenga mtu asiye na hatia kwa sababu walikuwa gizani, je, sisi hatujaona nuru? Baba, mwalimu wa dini, ndiye anayetetea desturi. Mtoto ameiacha imani lakini amebaki na lugha yake. Mzazi ameshika imani lakini woga wa jamii umemnyamazisha.

Kisha Isaac anasema lile ambalo hakuwahi kulisema. Anasimulia jinsi alivyotoka nyumbani kwa baba yake akiwa kijana mdogo, jinsi alivyolaaniwa, jinsi Ikemefuna, aliyelelewa naye kama ndugu, alivyouawa kwa mkono wa baba huyo, na jinsi yeye alivyopokea habari ya kwamba baba amejinyonga asirudi. Anaeleza kwamba alipita katika mateso ili awe Mkristo, na kwa sababu hiyo anaujua Ukristo kwa namna ambayo mwanawe hataijua. Kwa ghafula mzazi huyu mpole anaonekana kuwa ndiye mwasi wa kwanza wa nyumba ile. Mwenye kuachwa aliwahi kuacha. Moto uliozaa majivu nao ulikuwa majivu ya moto mwingine.

Jazanda ya moto inaleta matokeo tofauti na ile ya safari. Isaac hamkati mwanawe. Anachoweza kufanya ni kumwonyesha makovu yake, kana kwamba anasema: imani hii ilinigharimu baba, usiishike kama nguo ya kuazima. Lakini moto una udhaifu wake: haurithishwi kwa kusimuliwa. Obi anamhurumia baba yake, na huruma si imani. Mama yake Hannah anapofariki baadaye, Obi anatuma fedha na haendi mazikoni, kama vile Isaac asivyokwenda kwa Okonkwo. Achebe halisemi jambo hilo kwa sauti. Amewaachia wasomaji waunganishe wenyewe.

Nadhiri: Gosse na wa kwake

Mfano wa tatu unatoka mbali, lakini tusidhani kwamba tatizo hili ni la Waafrika walioletewa dini. Philip Henry Gosse alikuwa mtaalamu mashuhuri wa viumbe wa baharini na muumini wa kundi la Ndugu wa Plymouth. Mwaka 1857 alichapisha kitabu, Omphalos, akijaribu kupatanisha Kitabu cha Mwanzo na elimu ya miamba. Hakikumridhisha mwanasayansi wala mchungaji. Mwaka huohuo mkewe Emily alifariki kwa saratani ya titi, akimwacha mwana wa pekee, Edmund, mwenye umri wa miaka saba. Mama alikuwa amemweka wakfu mtoto huyo kwa Mungu, kama Hana alivyomtoa Samweli.

Hiyo ndiyo jazanda ya nyumba ile: nadhiri. Mtoto si mali ya wazazi, ni amana iliyokwisha kutolewa. Edmund alibatizwa akiwa na miaka kumi na kupokewa kanisani kama mtu mzima. Alipokwenda London kufanya kazi akiwa na miaka 17, barua za baba zilimfuata zikidai hesabu ya hali ya roho yake. Kwa msomaji wa leo barua hizo zinachosha. Lakini zisomwe kwa jazanda ya nadhiri, zitaonekana kuwa ni barua za mdhamini ambaye atadaiwa na mwenye mali, na pia ni barua za mume anayemtetea marehemu mkewe asiye na sauti tena. Kumwachilia mtoto kungekuwa kuvunja ahadi ya marehemu.

Gosse mwana amefanya jambo moja ambalo Ngũgĩ hakulifanya: karibu na mwisho wa kitabu amemwachia baba aseme kwa kunakili barua yake ndefu. Hata hivyo, kalamu ilibaki mkononi mwa mwana. Mwandishi wa wasifu Ann Thwaite, aliyeandika maisha ya mwana mwaka 1984 na ya baba mwaka 2002, ameonyesha kwamba Philip Gosse alikuwa mtu mchangamfu na mpole kuliko alivyochorwa. Edmund aliandika picha kali kuliko ukweli, na kwa karibu miaka mia dunia ikamwamini.

Huo ndio ushahidi tulioutaja mwanzoni. Anayeondoka ndiye aandikaye. Elimu iliyomtoa nyumbani ndiyo iliyompa kalamu, na mzazi hubaki mshtakiwa asiye na wakili. Hata katika Kiswahili ni hivyo. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, imesimuliwa na Kazimoto mwenyewe, msomi wa chuo kikuu aliyesongwa na mashaka hadi akajiua. Kwa kuwa msimulizi ni nafsi ya kwanza, wazazi wake hatuwaoni ila kwa jicho lake.

Nyumba, na wanaoilinda

Imebaki jazanda ya nne, ambayo wazazi wengi Wakristo huishika wanapoachwa: mfano wa mwana mpotevu katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Hapa imani ni nyumba, na baba haendi kumtafuta mwana wala hafungi mlango. Anangoja. Ni faraja kubwa, ila tuseme ukweli kwamba mfano huo hautoshelezi kila jambo. Kijana wa Luka aliondoka na mali, akarudi kwa njaa. Obi na Edmund hawakuondoka kwa anasa, bali kwa sababu hawakuweza tena kuamini, na mtu wa namna hiyo harudishwi na njaa. Mzazi anayengoja toba huenda akangoja kitu ambacho mtoto hawezi kukitoa bila kusema uongo.

Katika maandishi yetu, walinzi wa nyumba ni akina mama. Hannah, katika nyumba ambayo hadithi za kale zilipigwa marufuku kwa kuwa ni za kipagani, anamsimulia mwanawe hadithi moja kwa siri ili asiaibike shuleni. Miriamu yuko katikati ya mume na binti. Uchungu wake unaonekana ingawa sauti yake haisikiki. Wanawake hawa wanaamini, lakini hawajaruhusu imani iwe kubwa kuliko mlango. Hata hivyo tusiwatukuze kupita kiasi. Hannah huyohuyo anamwambia Obi kwamba akimwoa Clara yeye akiwa hai, atajiua. Mlango uliobaki wazi kwa asiyeamini ulifungwa kwa mkwe. Kila nyumba ina mpaka wake, na mara nyingi mpaka huo si wa dini.

Hitimisho

Msomaji anaweza kupinga kwamba tunamtetea Yoshua, na ilhali binti amekufa. Hatumtetei. Kumkata mtoto ni kosa, na Njia Panda ina haki ya kulionyesha. Tunachosema ni kwamba kumwelewa mhusika si kumwondolea hatia, na kwamba uhakiki wetu umekuwa mwepesi wa kutoa hukumu pale ambapo kazi yake ilikuwa kusoma. Tumemwita Yoshua mnafiki kwa sababu sisi wahakiki, kwa sehemu kubwa, ndio Obi na Edmund. Ni sisi tuliovuka mto kwa karo iliyolipwa na waumini wale. Kesi tunayoiamua ni yetu wenyewe, na hakimu wa namna hiyo hana budi kujihadhari.

Katika riwaya za Kiswahili nilizozisoma sijakuta hata moja ambayo mzazi huyu ndiye anayesimulia. Pengine ataandikwa na mmoja wa wale walioondoka, atakapokuwa ameketi nyumbani kwake usiku, akimwuliza mwanawe kwa simu swali ambalo jibu lake analijua.